Mwendo wa Watoto

Neno kwa waalimu wanaofikiri kuhama. Somo: Mwanzo 33:12–17

Mwezi huu twataka kusema nanyi habari ya waalimu walio katika sharika zetu za pembeni mwa mji, Mbagala na Chamazi na Yombo upande wa Temeke, na Kawe na Bunju upande wa Kinondoni, ambao wanafikiri kuhama pamoja na watu wa nyumba zao na kwenda kukaa mkoa mwingine. Si waalimu tu waliolileta jambo hili mbele yetu, lakini waalimu ndio walio wengi, maana kazi yao ni ya nchi nzima, na palipo watoto hapana budi pawe na shule. Wengine huja kuuliza shauri wakiwa wamekwisha kufunga mizigo. Mtu wa namna hiyo hataki shauri, ataka kubarikiwa tu. Walakini wengine huja mapema, na kwa ajili yao twaandika.

Tusome kwanza habari ya Yakobo. Alikuwa amekaa miaka 20 kwa Labani, mjomba wake, na sasa anarudi katika nchi ya baba yake. Wala si kijana mwenye fimbo tu, kama alivyovuka Yordani mara ya kwanza. Ana wake, na watoto 12 pamoja na Dina, na watumishi, na makundi ya wanyama. Njiani akakutana na Esau ndugu yake, mwenye watu 400. Aliogopa sana, nanyi mwajua sababu ya hofu yake. Lakini Esau alimkimbilia, wakakumbatiana, wakalia wote wawili. Baada ya machozi Esau akatoa shauri: na waondoke pamoja, yeye atatangulia. Yakobo akakataa kwa upole. Akamwonyesha ndugu yake kwamba watoto wale ni wachanga, na katika makundi wamo wanyonyeshao, na wakiharakishwa hata siku moja kundi lote laweza kufa. Akaomba kaka yake aende mbele, naye atafuata polepole, kwa kadiri watoto wawezavyo kwenda.

Twapenda neno hili, kwa sababu Esau hakuwa na nia mbaya. Mahubiri mengi humfanya Esau kuwa mbaya tangu mwanzo hata mwisho, lakini siku ile alikuwa ndugu mwema. Kosa la shauri lake lilikuwa hili tu: alihesabu njia kwa miguu yake mwenyewe na miguu ya wale wanaume 400. Kila mwalimu anayefikiri kuhama ana akina Esau wake. Mmoja ni rafiki aliyesoma naye chuoni, ambaye hajaoa. Mwingine ni mjomba, mwingine ni mwalimu mwenzake aliyehama mwaka jana na kupata kiwanja kwa bei ndogo. Wote humwambia, Twende, nafasi hairudi! Nao wasema kwa upendo. Lakini hawana mtoto mwenye pumu, wala hawana bibi mwenye miguu iliyovimba, wala hawajui kwamba mke wa mwalimu huyo naye ni mwalimu, mwenye namba yake mwenyewe ya ajira.

Yatupasa kukiri jambo moja juu ya Yakobo, maana mhubiri asifiche. Alimwambia ndugu yake kwamba atamfuata hata Seiri, wala hakwenda Seiri. Alishika njia ya Sukothi, akajenga nyumba huko, na vibanda kwa wanyama wake. Hila ya zamani ilikuwa haijamtoka. Basi hatumsifu kwa kumdanganya ndugu yake mara ya pili. Lakini neno alilolisema juu ya watoto ni la kweli, hata kama lilitoka katika kinywa chenye hila.

Sasa tuseme habari za kwetu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1948 Dar es Salaam ilikuwa na watu wasiofika 70,000. Katika hesabu ya mwaka 2022 walikuwa 5,383,728. Kinondoni na Temeke zilipanuka hata ikawa lazima zigawanywe, na mwaka 2016 Ubungo ikatolewa katika Kinondoni, na Kigamboni katika Temeke. Mahali palipokuwa mashamba ya minazi na mihogo ya Wazaramo sasa pana nyumba zilizobanana, na shule zenye madarasa ya watoto zaidi ya mia moja. Tangu ada ilipoondolewa katika shule za sekondari hata kidato cha nne, mwaka 2016, watoto wamemiminika, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yao. Walakini mwalimu anayesahihisha madaftari 120 kila jioni huchoka kama watu wote. Mwalimu wa Mbagala huamka saa kumi za usiku. Ikiwa nyumba yake iko Chamazi na shule yake iko mbali, hupanda magari mawili kwenda na mawili kurudi. Kodi ya nyumba hulipwa kwa miezi sita au kumi na miwili pamoja. Na kiwanja alichonunua kwa mkopo kina msingi na kuta zilizofika kwenye lenta, na hapo zimesimama miaka minne, majani yanaota chumbani.

Basi akisikia kwamba huko mkoani mwalimu aweza kulima ekari tatu, na shule iko hatua 200 toka nyumbani, moyo wake huwaka. Hatumlaumu. (Twacheka kidogo tu kwa neno hili, mkoani. Mtu wa Dar es Salaam husema mkoani kana kwamba yeye mwenyewe hakai katika mkoa.) Na wapo wenzake wanaosema kinyume, kwamba kwenda huko ni kutupwa porini, tena wasema hivyo hata mbele ya watoto. Hao twawalaumu, maana huko porini wanakokutaja kuna watoto walioumbwa kwa mfano wa Mungu, na wengi wao wanamngoja mwalimu.

Tutwae mkoa mmoja, Katavi, kwa kuwa jamaa tutakayoieleza hapa inakwenda huko. Mkoa huu ulitolewa katika Rukwa mwaka 2012. Katika hesabu ya mwaka ule ulikuwa na watu 564,604. Miaka kumi baadaye, mwaka 2022, walikuwa 1,152,958. Yaani zaidi ya mara mbili katika miaka kumi, na hakuna mkoa mwingine ulioongezeka upesi kama huo. Wafugaji na wakulima wamekuja huko kutoka Usukuma wakitafuta malisho na ardhi. Tena yapo makazi ya Katumba na Mishamo, yaliyofunguliwa kwa ajili ya watu waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972. Wazee wao walifika na watoto migongoni, wakapewa msitu na majembe. Na katika mwaka 2014 serikali ya Tanzania ilitangaza uraia kwa watu zaidi ya 160,000 wa jamii hiyo, pamoja na wale wa Ulyankulu katika Tabora. Mwalimu wa Temeke akifika huko atafundisha wajukuu wa watu wanaojua kuhama kuliko yeye. Watoto wengine huja shuleni wakisema Kirundi au Kisukuma nyumbani, na Kiswahili chao ni cha kujifunza. Pwani mwalimu husahau ya kwamba Kiswahili nacho hufundishwa.

Waalimu wajua, lakini wazee wa sharika wengi hawajui, kwamba kuhama kwa mwalimu wa serikali kuna njia mbili. Akihamishwa na mwajiri, hulipwa nauli na gharama ya mizigo na posho ya kujikimu. Akiomba mwenyewe, hujigharimia. Na katika kuomba kwake, njia inayotumiwa sana ni kubadilishana: atafuta mwalimu mwenzake wa daraja na somo lifaalo, aliye huko anakotaka kwenda na anayetaka kuja hapa, wakikubaliana huandika maombi, na wakuu wa pande mbili hukubali au hukataa. Hivyo ndivyo nyumba mbili zisizojuana hufungwa kamba moja. Hili tutalirudia.

Lakini kwanza tuungame. Miaka kadha iliyopita ndugu mmoja, mwalimu, mwimbaji wa kwaya yetu, alipata mtu wa kubadilishana naye. Mke wake hakupata. Alikuja kwetu wazee akasema, Je, nitangulie? Nitakaa mwaka mmoja, naye atanifuata. Tulimwuliza habari ya mshahara, na nyumba, na kama kuna usharika karibu. Hatukumwuliza habari za mke wake, wala hatukumwita mke huyo aje. Tukasema, Usipoteze nafasi, ndugu, Bwana amefungua mlango. Tukamwombea, tukampa Biblia mpya. Mwaka mmoja ulikuwa miwili, ikawa sita. Mwanzo alirudi likizo ya Desemba na ya Juni, baadaye Desemba tu, baadaye alituma fedha kwa simu, na baada ya hayo fedha nazo zikapungua. Huko aliko alikuwa na mwanamke mwingine na mtoto. Tulipopata habari tulimtenga na Meza ya Bwana, kama ilivyo desturi, na kila mtu akasema, Ametenda vibaya. Ni kweli, alitenda vibaya. Lakini sisi tuliomwombea pale madhabahuni tulikuwa akina Esau. Binti yake mkubwa alikuja shule ya Jumapili siku moja, mwalimu akawaambia watoto wachore watu wa nyumbani mwao, naye akachora nyumba mbili na gari la moshi katikati. Karatasi ile iko katika kabati la ofisi ya usharika mpaka leo. Hatukuweza kuitupa.

Basi mwaka huu walipokuja wengine, mume na mke, wote wawili waalimu wa shule ya msingi huku Mbagala, tulisema moyoni kwamba hatutajibu upesi. Mume amepata mtu wa kubadilishana naye, mwalimu wa Katavi. Mke hajapata. Wana watoto watatu: wa kwanza yuko Darasa la Saba, wa mwisho hajaanza shule. Pamoja nao akaa mama mzazi wa mume, bibi wa zaidi ya miaka 70, Mzaramo wa Maneromango, ambako Injili ilifika kabla ya mwaka 1900. Na kule Chamazi wana ile nyumba iliyofika kwenye lenta.

Mara hii tuliwaita wote, wakaja jioni, hata mtoto wa Darasa la Saba. Na tulimwomba mke aseme kwanza. Mtatuuliza, desturi hiyo mmeipata wapi? Tumeipata kwa Prisila na Akila. Someni Matendo mlango wa 18. Watu hawa walifukuzwa Rumi kwa amri ya Klaudio, wakakaa Korintho, wakashona hema. Ndipo Paulo alipowakuta. Baadaye wakavuka bahari pamoja naye mpaka Efeso, na huko wakamchukua Apolo, mhubiri hodari aliyekuwa hajajua njia yote, wakamfundisha. Katika waraka kwa Warumi twawaona tena Rumi, na kanisa linakutana nyumbani mwao. Ni jamaa ya waalimu wenye kuhama, kama walivyo wengi wa wasomaji wetu. Sasa angalieni: Agano Jipya lawataja mara sita, wala hakuna hata mara moja linapomtaja mmoja bila mwenziwe. Tena mara nyingi katika hizo jina la mke hutangulia. Walimfundisha Apolo wote wawili. Kama Akila angalitangulia Efeso peke yake kwa mwaka mmoja, hatujui Apolo angalijifunza nini.

Na hapa twakumbuka watu wetu. Mwaka 1907, wamisionari wa Bethel, Johanssen na Ruccius, walipokwenda kuanza kazi Rwanda, Wakristo wa Usambara walifuatana nao, wakaacha milima yao na ndizi zao. Majina ya wale wamisionari yameandikwa katika vitabu vingi. Wale Washambaa hawakuandikwa hivyo, na wanawake wao hata kidogo. Siku zile mwalimu wa shule na mwalimu wa ibada alikuwa mtu mmoja, naye alipotumwa alikwenda. Tangu shule za misheni zilipotwaliwa na serikali, mwisho wa miaka ya 1960, kazi hizo mbili zimetengana. Lakini ndugu makatekista, nanyi mwahamishwa, tena kwa posho ndogo kuliko ya mwalimu wa serikali; msidhani kwamba neno hili haliwahusu.

Basi mama yule akasema. Alisema kwa adabu, akitazama mikono yake. “Wazee wangu, sikatai kuhama. Mimi nilizaliwa Njombe, nikasoma Morogoro, nikaajiriwa hapa; mji huu si mama yangu. Ninachokataa ni kubaki. Baba watoto akitangulia, mimi nitaamka na watoto watatu na mama mkwe, nitafundisha darasa la watoto mia, nitarudi usiku, na siku mtoto akiugua nitampigia simu mtu aliye mbali siku mbili. Hiyo mnaiita kungoja. Mimi naiita ujane.”

Mume akanyamaza sana. Kisha akasema kwamba hakufikiri habari ya kuumia kwake, alifikiri habari ya kuta za Chamazi. Alitaka kuiuza ile nyumba isiyokwisha, alipe mkopo, aanze upya mahali ambapo tofali huchomwa uani. Hayo si maneno ya ubinafsi. Mtu mwenye deni huota usiku habari ya kuta.

Tukamwuliza mtoto. Wengine kati yetu waliona si desturi kumwuliza mtoto shauri la wazee. Na kwa kweli hatukumpa shauri aliamue. Lakini Yakobo aliwatazama watoto wake kabla ya kumjibu Esau, nasi tutamtazamaje mtoto bila kumsikia? Akasema anaogopa kuhama kabla ya mtihani wa mwezi wa tisa. Tena akauliza, Nikifaulu, nitaingia sekondari ya wapi? Hakuna mtu mzima hata mmoja katika chumba kile aliyekuwa amewaza swali hili. Kwa kawaida mtoto aliyefanya mtihani Temeke hupangiwa shule ya huku huku, na kumhamisha kwenda mkoa mwingine ni maombi mengine na barua nyingine. Baba yake ni mwalimu wa miaka 14, naye alikuwa amesahau.

Bibi alisema neno moja tu, kwamba kule waendako aulizwe mtu kama nazi hupatikana. Tulicheka. Yeye hakucheka. Mtu aliyekula samaki wa nazi miaka 70 haulizi hivyo kwa mzaha. Ndiyo njia yake ya kusema, Nami nahesabiwa katika kundi hili.

Sasa twarudia ile kamba inayofunga nyumba mbili. Yule mwalimu wa Katavi aliyekubali kubadilishana, kwa nini ataka kuja hapa? Hatukuwa tumeuliza. Tukapata habari kwamba mke wake ni muuguzi, anafanya kazi huku Temeke, naye amejifungua juzi. Hata mama huyo alikuja ibadani kwetu Jumapili moja, ameketi viti vya nyuma na mtoto mchanga, na hatukujua ni nani. Basi ikiwa jamaa ya Mbagala itakataa, au itachelewa, mtoto huyo atajifunza kutambaa bila baba yake kumwona. Wapendwa, hapa ndipo tulipokosa usingizi. Ni rahisi kuhubiri juu ya mwendo wa watoto ikiwa watoto ni wa nyumba moja. Watoto wa nyumba hii wataka kungoja hata mwezi wa tisa upite. Mtoto wa nyumba ile ataka baba sasa.

Hatuna andiko la kuwapimia hayo kwa mizani. Tulichofanya ni kuwakutanisha. Yule muuguzi aliitwa nyumbani kwa wale waalimu, na mume wake akawekwa kwenye simu, kwa sauti ya wote kusikia. Mwanzo alikasirika. Akasema amengoja miaka mitatu, na kila anapopata mtu, mtu huyo hurudi nyuma. Na kwamba watu wa Dar es Salaam hupenda kufikiri. Maneno hayo yalitupata, maana ni kweli. Ndipo mama wa Mbagala akamweleza habari ya mtoto na mtihani. Yule ndugu akanyamaza. Kisha akauliza mtoto ni wa kike au wa kiume, na anapenda somo gani. Hisabati, wakamwambia. Akasema yeye mwenyewe hufundisha hisabati Darasa la Saba, na watoto wake wa darasa lile nao watafanya mtihani mwezi ule ule, wala haifai kuwaacha katikati. Hakuwa amelisema jambo hilo hata kwa mke wake.

Hivyo wakapatana: barua za kubadilishana zipelekwe sasa, lakini kuhama kuwe mwanzo wa mwaka wa shule, mwezi wa Januari. Katika muda huo yule ndugu atakuja kwa likizo zote, na wale waalimu wa Mbagala wamemwambia muuguzi kwamba siku za zamu ya usiku bibi atamlea mtoto. Na mke wa Mbagala amepeleka maombi yake mwenyewe ya kumfuata mwenzi wa ndoa, pamoja na cheti cha ndoa. Jibu halijaja. Mume ameandika mbele yetu kwamba jibu lisipokuja kabla ya Januari, au likija la kukataa, hataondoka peke yake. Twajua jambo hilo litakuwa gumu kwa nyumba ya pili. Naye ndugu wa Katavi amelisikia kwa masikio yake, akasema, Sawa, naanza kutafuta mwingine kwa akiba. Alisema bila furaha, lakini alisema kweli, nasi twamheshimu kwa hilo.

Huenda mtu akasema tumewachelewesha kwa miezi mingi, na nafasi yaweza kupotea. Yaweza. Yakobo naye hakufika upesi. Alisimama Sukothi akajenga vibanda, na hata wanyama walipata kivuli.

Yako mambo ya usharika, nayo tutayataja kwa ufupi. Musa alipokwenda jangwani alimwomba Hobabu, mwenyeji, awe kama macho yao, kwa kuwa alijua mahali pa kutua (Hesabu 10). Wala Musa alikuwa na wingu la Mungu juu yake. Basi mwalimu asihame kwa kutegemea picha za simu. Tumeandika kwa wachungaji wa upande ule kuuliza habari za nyumba, na maji, na hospitali iliyo karibu, na bei ya magunia ya mahindi wakati wa masika. Tena, mwanachama asiondoke bila cheti chake cha uhamisho wa usharika. Wengi huondoka kimya, na baada ya miaka miwili hawamo katika daftari la huku wala la huko. Na sharika zetu za pembeni mwa mji zitazame viti vya nyuma. Tumeaibika kwamba mama mmoja mwenye mtoto mchanga aliketi kwetu, na mume wake akawa ndiye tuliyekuwa tukimjadili kikaoni, wala hatukumwuliza jina.

Safari, ikiwa Mungu atapenda, itakuwa ya reli mpya mpaka Dodoma, ambayo imebeba abiria tangu mwaka 2024, na kutoka hapo kwa basi kupita Tabora mpaka Mpanda. Wamekubaliana kulala Dodoma usiku mmoja na Tabora usiku mmoja, kwa ajili ya miguu ya bibi, ingawa mume alitaka kwenda moja kwa moja. Mizigo itatangulia kwa lori. Nyumba ya Chamazi haitauzwa mwaka huu. Wazee wawili wa usharika watakwenda kufyeka majani yaliyoota chumbani. Wenye minazi huko Toangoma na Mbande tafadhali walete nazi kavu, zilizokomaa, katika ofisi ya usharika kabla ya Jumapili ya mwisho ya Desemba. Gunia moja latosha kwa kuanzia.